Siku nne Malta na mama anayesumbuliwa na magoti: kipi mkitazame, kipi mkiache

Swali: *Ninaishi Ujerumani kwa kibali cha ukaazi. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 66, anakuja kutoka Tanga mwezi wa Oktoba kwa viza ya Schengen aliyopewa na ubalozi wa Ujerumani, na nimepata tiketi za bei nafuu za kwenda Malta kwa siku nne. Mama ni mtu wa kanisa, haogelei, magoti yanamsumbua, na hamu yake kubwa ni kuona mahali Mtume Paulo alipovunjikiwa meli. Mimi tangu zamani nimetamani kuliona lile tao kubwa la mawe lililosimama baharini. Wenzangu wananiambia kisiwa ni kidogo mno, kinaisha kwa siku moja, nikodi gari tukizunguke chote. Wengine wananishauri ninunue safari ya boti ya siku moja inayopita Comino na Gozo. Je, mama atahitaji viza nyingine? Tuanzie wapi, na kipi tukiache?*

Jibu: Ndugu msomaji, shikamoo zangu zimfikie mama kwanza. Umeuliza muanzie wapi, lakini naona kinachokusumbua zaidi ni hofu ya kumchosha mama kwa kukimbizana na orodha ya vivutio, kisha mrudi Ujerumani bila kukiona kile kilichowapeleka. Hofu hiyo ina msingi. Malta ni nchi ambayo watu wengi huipangia vibaya kwa sababu hutazama ramani tu, na ramani haionyeshi ngazi wala upepo.

Nianze na lenye kukatisha tamaa, ili usije ukalijua ukiwa umeshalipa nauli. Tao unalolitamani, lililojulikana kwa jina la Azure Window na lililokuwa Dwejra, upande wa magharibi wa kisiwa cha Gozo, halipo tena. Lilianguka tarehe 8 Machi 2017 wakati wa dhoruba, na halikubaki chochote juu ya maji. Picha zake bado zinatumika kuuza safari, na ndiyo maana kila mwaka wapo wanaofika wakaanza kuulizana liko wapi. Visiwa hivi ni mwamba wa chokaa, na mawimbi hula mwamba wa namna hiyo kuanzia chini, pale maji yanapokutana na hewa, huku sehemu ya juu ikibaki nzito vilevile. Nguzo iliyobeba tao ilikuwa ikipungua unene mwaka hadi mwaka, na siku iliposhindwa kubeba uzito ule, tao na nguzo vyote vilikwenda pamoja. Dwejra penyewe bado panastahili safari: ipo ziwa ndogo ya maji ya bahari iliyozungukwa na majabali, inayoungana na bahari kuu kwa pango la mita 80 hivi, na boti ndogo za wavuvi hupitisha watalii humo bahari ikiwa imetulia. Nenda kwa ajili ya hayo, usiende kwa ajili ya tao.

Sasa, kuhusu udogo. Ni kweli kwamba Malta yote, pamoja na Gozo na Comino, ina kilomita za mraba 316 tu; Unguja peke yake ni zaidi ya mara tano ya eneo hilo, na hata Mafia inakizidi kisiwa kikuu cha Malta. Kutoka ncha moja ya kisiwa kikuu hadi nyingine ni kama kilomita 27. Hata hivyo, kwenye kipande hicho cha ardhi wanaishi zaidi ya watu nusu milioni, magari ni mengi kupita kiasi, barabara ni finyu, na mji mkuu umejengwa juu ya mgongo wa kilima. Umbali wa kilomita 12 unaweza kukuchukua saa nzima kwa basi. Kisha jua la Oktoba huzama kabla ya saa moja jioni, na sehemu nyingi za makumbusho hufungwa mapema kuliko hapo. Anayekimaliza kisiwa kwa siku moja amekiona kupitia kioo cha basi.

Gari la kukodi sikushauri. Wanaendesha upande wa kushoto kama Tanzania na Kenya, urithi wa ukoloni wa Kiingereza uliokoma mwaka 1964, kwa hiyo mama atajiona yuko nyumbani, lakini wewe uliyezoea Ujerumani utalazimika kugeuza akili kwenye mizunguko iliyojaa madereva wenye haraka. Adha kubwa zaidi ni maegesho: utaliacha gari mbali, na umbali huo ndio magoti ya mama yatakaoulipa. Mabasi ni ya bei nafuu na yanafika karibu kila mahali, ila yakijaa hupita kituo bila kusimama. Kwa hali ya mama ningechanganya: basi asubuhi mapema, na teksi ya kuitwa kwa simu wakati wa kurudi, mkiwa mmechoka. Bolt, ambayo mama huenda ameisikia Dar es Salaam, inafanya kazi Malta pia. (Na kwa kuwa tumetaja urithi wa Kiingereza: soketi za umeme za Malta ni zile za pini tatu bapa zinazotumika kwetu, kwa hiyo chaja ya mama kutoka Tanga itaingia bila shida, na ya kwako ya Ujerumani ndiyo itakayohitaji adapta.)

Jambo ninalotaka ulielewe kuliko yote ni upepo, kwa maana huo ndio unaoamua siku njema na siku mbaya Malta mwezi wa Oktoba. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa kwamba bahari ya kaskazi si bahari ya kusi. Tofauti ni kwamba kwetu upepo hukaa miezi, na kule hugeuka baada ya siku mbili au tatu. Kisiwa kimeinama: upande wa kusini-magharibi ni majabali marefu, yale ya Dingli yakifikia takriban mita 250 juu ya bahari, na ardhi inashuka polepole kuelekea kaskazini-mashariki, ambako ndiko kuna ghuba na bandari. Upepo unaovuma mara nyingi zaidi ni ule wa kaskazini-magharibi, ambao Wamalta huuita majjistral. Ukivuma kwa nguvu, mlangobahari wa kati ya Malta na Gozo huchafuka na boti ndogo za Dwejra husimama, lakini Wied iż-Żurrieq, gati dogo la boti upande wa kusini, huwa na kinga. Ukivuma wa kusini-mashariki, uitwao xlokk, hewa huwa nzito yenye unyevu, na ghuba ya Marsaxlokk pamoja na Wied iż-Żurrieq hupigwa mawimbi. Halafu uko ule wa kaskazini-mashariki, grigal, ambao huja hasa majira ya baridi na kuingia moja kwa moja kwenye ghuba za upande wa chini.

Huu wa mwisho ndio unaotufikisha kwa mama yako. Afungue Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mwandishi anasema saumu ya Wayahudi, ambayo huangukia mwanzo wa majira ya kupukutika majani, ilikuwa imekwisha kupita, na Paulo akawaonya kwamba kusafiri baharini wakati huo ni hatari. Kisha meli ikakamatwa na tufani inayoitwa Eurakilo, upepo wa kaskazini-mashariki, ikasukumwa siku nyingi hadi ikavunjikia Melita, yaani Malta, na watu wote 276 wakafika nchi kavu salama. Kwa maneno mengine, ninyi mtafika Malta karibu na majira yaleyale. Mahali hasa meli ilipokwama hapajulikani kwa uhakika, na wataalamu wanabishana hadi leo. Mtu yeyote atakayewauzia safari ya mahali penyewe kabisa, msikilizeni kwa tabasamu. Mapokeo ya Wamalta wenyewe yanaelekeza kwenye visiwa vidogo vya mawe vilivyoko kwenye mlango wa ghuba ya St Paul's Bay, ambako imesimamishwa sanamu ya Mtume, na ghuba hiyo kweli imeuelekea upepo ule. Uzuri ni kwamba hakuna haja ya boti: mnaweza kuviona visiwa hivyo mkiwa mmekaa kwenye mabenchi ya njia ya ufukweni, mama akisoma sura yake taratibu. Nadhani hiyo itakuwa saa bora ya safari yenu, na haina tiketi.

Mkitoka hapo, njia ya kwenda Mdina inapita Mosta, na mimi ningeshuka. Kanisa la mviringo la Mosta lina kuba kubwa inayoonekana kutoka mbali. Tarehe 9 Aprili 1942, Malta ikishambuliwa vikali kwa ndege, bomu lilitoboa kuba hiyo na kuangukia ndani, waumini wakiwa wamekusanyika, na halikulipuka. Nakala ya bomu la namna hiyo imewekwa hapo. Kanisa liko tambarare na viti vipo.

Mdina, mji mkuu wa zamani, ndio ninaoupendelea kwa mtu mwenye magoti mabovu. Uko juu ya kilima, lakini basi hukupandisha hadi karibu na lango. Ukishavuka daraja la handaki, vichochoro vya ndani ni karibu tambarare, magari ni machache mno, na wakaazi hawafiki hata mia nne. Wasomaji wa Lamu na Mji Mkongwe watauelewa mara moja: kuta ndefu zenye kivuli, milango mizito, upepo unaopita kwenye kona. Waarabu walioitawala Malta tangu mwaka 870 ndio walioupunguza mji na kuuzungushia handaki, na lugha ya Kimalta inayozungumzwa hadi leo ni ya asili ya Kiarabu, ingawa huandikwa kwa herufi za Kilatini. Kiingereza nacho ni lugha rasmi, hivyo hamtapotea. Nje ya kuta, katika mji wa Rabat, liko pango ambamo inasadikiwa Paulo aliishi au alifungwa. Mapapa watatu, Yohane Paulo wa Pili, Benedikto wa Kumi na Sita na Fransisko, wamelizuru. Pana ngazi za kushuka, chache tu, na mama ataamua mwenyewe akiziona. Makaburi ya chini ya ardhi yaliyo jirani, kinyume chake, yaacheni: ngazi ni nyingi, dari ni za kuinamia, na goti linaloumia hupata taabu zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda.

Valletta inahitaji siku nzima, na siku hiyo iwe ile ya upepo mbaya kuliko zote, kwa kuwa vitu vyake vikubwa viko ndani ya kuta. Mji ulianzishwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya wapiganaji wa Shirika la Mtakatifu Yohane, shirika la kidini na la kijeshi lililokuwa likiitawala Malta, kustahimili kuzingirwa na jeshi la Waosmani. Mitaa yake imenyooka, lakini imepangwa juu ya mgongo wa kilima: mitaa mirefu ya katikati, Republic Street na Merchants Street, inatembeka kwa urahisi, ilhali mingi ya ile inayoikata inateremka kwa ngazi kuelekea baharini pande zote mbili. Kanuni yangu kwa mama ni moja: asiiache mitaa hiyo miwili bila sababu. Mawe ya chokaa ya njiani yamelainishwa na miguu ya karne nyingi, na mvua ikinyesha huteleza vibaya. Viatu viwe vya soli ya mpira.

Kitu kimoja cha kukiona Valletta, kama muda ungetosha kimoja tu, ni kanisa kuu la Mtakatifu Yohane, lililowekwa wakfu mwaka 1578. Kwa nje ni jengo la kawaida, karibu kama ghala. Kwa ndani hakuna mahali palipoachwa bila dhahabu au rangi, na sakafu yote ni makaburi ya wapiganaji, takriban mia nne, yaliyofunikwa kwa mawe ya marumaru ya rangi yenye mifupa, malaika na ngao. Viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi kwa ajili ya kuilinda sakafu hiyo. Kwenye chumba cha pembeni imetundikwa picha ya mchoraji Mwitalia Caravaggio ya mwaka 1608, ya kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, kubwa kuliko zote alizowahi kuchora. Msikimbilie kuipiga picha. Kaeni, macho yazoee giza lake, kisha mtazame chini ya shingo ya Yohane, mahali damu imetiririka sakafuni: mchoraji ameandika jina lake kwa damu hiyohiyo, na hii ndiyo picha pekee aliyoitia sahihi. Mwaka uleule alipigana, akafungwa, akatoroka kisiwani, na Shirika, lililokuwa limempokea, likamfukuza katika chumba hichohicho. Jumapili kanisa hufungwa kwa watalii, kwa hiyo msiliweke siku hiyo.

Kutoka hapo hadi bustani ya Upper Barrakka ni mwendo mfupi. Bandari Kuu iko chini yenu, na mizinga ya salamu hupigwa saa sita mchana na saa kumi jioni. Mwambieni mama mapema, mlio wake unashtua. Pana lifti ya urefu wa mita 58 inayoshuka hadi karibu na boti za kuvuka kwenda Miji Mitatu ng'ambo ya bandari. Mkivuka na kurudi, mtakuwa mmeiona bandari nzuri kuliko nyingi za Mediteranea bila mama kupanda ngazi yoyote ya maana. Kanisa la Kuvunjikiwa Meli kwa Paulo nalo liko Valletta, kwenye mtaa unaoteremka kidogo kutoka Merchants Street, na humo umehifadhiwa mfupa wa kifundo cha mkono unaoaminika kuwa wa Mtume. Hiyo ndiyo sababu pekee ambayo ningeikubali ya kuiacha mitaa ile miwili.

Siku ya Gozo iwe siku ya bahari tulivu. Kivuko kikubwa kutoka Ċirkewwa huchukua kama dakika 25, na nauli hulipwa wakati wa kurudi. Mama hataona tofauti kubwa na kwenda Kigamboni, isipokuwa mawimbi yakiwepo. Upande wa pili, kodini teksi kwa nusu siku na mkubaliane bei kabla ya kupanda. Nendeni kwanza Ġgantija, mahekalu ya mawe yaliyojengwa takriban miaka 3600 kabla ya Kristo, yaani miaka elfu moja kabla ya piramidi kubwa la Giza, na watu waliokuwa hawajajua chuma. Kisha Dwejra, na mwisho ngome ya Cittadella ikiwa mama bado ana nguvu. Liko pia pango la Ħal Saflieni karibu na Valletta, makaburi yaliyochongwa chini ya ardhi, ambalo watu hudhani wataingia kwa kununua tiketi mlangoni. Huruhusiwa watu 80 tu kwa siku, kwa kuwa pumzi na unyevu wa wageni huharibu michoro ya rangi nyekundu iliyo ukutani, na nafasi hujaa wiki nyingi kabla. Kwa ngazi zake na magoti ya mama, mimi nisingehangaika nalo safari hii.

Safari ya boti ya siku moja inayopita Comino ningeikataa bila kusita. Kinachouzwa pale ni kuogelea katika maji ya Blue Lagoon, na mama haogelei. Kivuli ni haba, ardhi ni mawe matupu, na umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2025 serikali ililazimika kuweka utaratibu wa kuhifadhi nafasi mapema. Mtatumia saa nyingi chomboni na dakika chache Gozo. Mkitaka maji ya buluu, chukueni boti ndogo ya Blue Grotto kutoka Wied iż-Żurrieq asubuhi, jua linapoingia mapangoni. Safari yake ni fupi.

Asubuhi iliyobaki itumieni Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi. Mashua zao, luzzu, zimepakwa buluu, njano na nyekundu, na kila moja ina macho mawili omoni, kama yale ambayo mama ataweza kuyakumbuka kwenye majahazi ya Lamu. Oktoba ni msimu wa lampuki, samaki ambaye kwetu wengi humwita falusi. Muulize mwenye mkahawa kama ameingia leo asubuhi.

Mambo matatu hayafai kumalizwa kwa maandishi yangu. La kwanza ni magoti. Kabla ya safari mpeleke mama kwa daktari umweleze kwamba atatembea kwa siku nne mfululizo, hasa kama goti huvimba, hukwama au humfanya apepesuke. Huenda akahitaji fimbo au dawa, na dawa hizo zisafiri kwenye mkoba wa mkononi. Mama akipata maumivu makali ya ghafla, au mguu ukavimba upande mmoja baada ya ndege, msisubiri kurudi: namba ya dharura ni 112 kama ilivyo kwenu Ujerumani, na bima ya safari aliyoombea viza, isiyopungua euro 30,000, inatumika Malta pia.

La pili ni bahari. Mwendesha boti akisema leo haendi, msitafute mwingine atakayekubali.

La tatu ni viza. Malta imo ndani ya Schengen tangu mwisho wa mwaka 2007, kwa hiyo kwa kawaida viza ya mama iliyotolewa na Ujerumani inamfikisha huko bila kuomba nyingine, mradi siku alizopewa hazijaisha. Hakikisha tu ndege yenu haibadilishwi London au mahali pengine nje ya Schengen, kwani viza ya kuingia mara moja ingekuwa imekwisha pale pale, mbali na kwamba mama anaweza kuhitaji kibali cha kupita katika nchi hiyo. Asafiri na pasipoti yenyewe, nawe na pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi. Kama stika ya viza yake imetaja nchi fulani tu badala ya nchi zote za Schengen, au hesabu ya siku inakutatiza, ichukue pasipoti uende nayo kwenye ofisi ya uhamiaji ya mji wako kabla ya kununua tiketi, siyo baada.